Kutoka Rehani hadi Elfu Mbili

Njaa ilipoikaza pwani ya Kenya katikati ya miaka ya 1880, mzazi wa Kimijikenda aliyekwisha kuuza kila kitu alibakiwa na njia moja. Alimshika mtoto mkono, mara nyingi wa kike, akateremka naye hadi miji ya Waswahili na Waarabu, Mombasa, Takaungu au Malindi, akamwacha kwa mwenye ghala na kurudi nyumbani na pishi kadhaa za nafaka. Mtoto amewekwa rehani. Mvua ikinyesha, shamba likizaa na deni likilipwa, atarudi kwao. Ndivyo yalivyokuwa makubaliano.

Wapo waliorudi. Wapo pia ambao rehani yao iligeuka utumwa bila mtu yeyote kutangaza: baba alifariki kabla ya mavuno, au alikuja kukomboa akaambiwa binti hayupo, ameshapelekwa mbali. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikuwa imepigwa marufuku kwa mkataba wa Zanzibar wa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali katika ukanda huu hadi 1907, na mtoto asiye na jamaa wa kumdai hakuwa na wa kumtetea. Njaa ya 1898 hadi 1900, ambayo wenyeji waliibandika jina la Magunia kwa sababu ya magunia ya chakula cha msaada, iliyarudisha mambo yale yale. Safari hii yalifika hadi bara, ambako familia zilizoishiwa ziliwaacha wake na mabinti kwa jamii jirani zilizokuwa bado na akiba.

Ni rahisi leo kuwaita wazazi hao wakatili. Lakini mtu aliyempeleka mwanawe kwa mwenye nafaka alikuwa anamwondoa katika nyumba ambayo isingemvusha mwezi, na alijua hatari ya kule alikompeleka. Kutoka hapo unaanza uzi ambao historia nzima ya ulinzi wa mtoto nchini Kenya imeufuata bila kuukubali: mtoto huumizwa zaidi pale nyumba yake inapoanguka. Kwa muda wa miaka mia na zaidi, wenye uwezo wa kusaidia, yaani wamishonari, watawala wa kikoloni, serikali huru na wafadhili wake, walipoiona nyumba ikianguka walimtoa mtoto na kumjengea nyumba nyingine. Ile ya kwanza waliiacha ianguke.

Nyumba maarufu kuliko zote za mwanzo ilijengwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mwaka 1875 wamishonari wa Kianglikana wa CMS walianzisha makazi ya watumwa walioachiwa huru, wakayaita Freretown kwa heshima ya Sir Bartle Frere, yule mjumbe wa Uingereza aliyekwenda Zanzibar kumshinikiza Sultani kuhusu biashara ya utumwa. Manowari za Kiingereza zilipoyakamata majahazi baharini, mateka walioshushwa hapo walikuwa ni pamoja na watoto wengi. Walipewa majina ya Kikristo, shule, kazi za mikono na ratiba ya kengele. Kengele hiyo ndiyo iliyowaachia wakazi wa Mombasa jina la Kengeleni, na abiria wa matatu hulitaja kila siku bila kuwafikiria wale watoto.

Freretown haikuwa peke yake. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868, wakiwakomboa watoto kwa fedha na kuwalea katika kijiji cha misheni. Zanzibar, Misheni ya Vyuo Vikuu iliwaweka wavulana Kiungani na wasichana Mbweni. Kwa watoto wale hakukuwa na njia nyingine ya maana. Mtoto aliyetekwa kando ya Ziwa Nyasa akiwa na miaka sita, akavushwa nchi nzima kwa miguu, hangeweza kumwonyesha mtu njia ya kwao. Bweni la misheni lilikuwa ndilo jibu. Tatizo ni kwamba jibu hilo, lililomfaa mtoto asiye na ukoo, lilibaki kuwa ndilo jibu hata watoto waliokuja baadaye walipokuwa na mama, nyanya, mjomba na boma linalojulikana hadi rangi ya lango lake.

Serikali ya kikoloni ilikuja na mtazamo wake. Kodi ya nyumba iliwalazimisha wanaume kutafuta kazi ya mshahara. Ardhi ilipochukuliwa na walowezi, baba alihamia shamba la kahawa au reli, mama akabaki na jembe, na vijana wadogo wakaanza kuitazama Nairobi. Wengine walichuma chai Kericho. Wengine walilala katika vibaraza vya maduka ya Wahindi, wakabeba mizigo sokoni na kuiba walipokosa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ilikuwa tayari imefungua kituo cha kurekebisha wavulana huko Kabete, nje kidogo ya mji. Mvulana aliyepatikana na kosa alipelekwa huko akafundishwa useremala na kilimo, na alipokosa adabu alichapwa viboko. Sheria ya Watoto ya 1934 ilileta utaratibu wa mahakama za watoto. Kwa wale ambao hawakuwa na kosa la kutajika, dawa ilikuwa lori: polisi waliwakusanya, wakawarudisha katika maeneo ya Waafrika vijijini, na baada ya muda mfupi wengi walikuwa mjini tena. Sababu iliyowatoa nyumbani ilikuwa bado iko nyumbani.

Vita vya Mau Mau viliibomoa familia kwa kasi ambayo hata njaa haikuwa nayo. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mwezi Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa Nairobi na kupelekwa kwenye kambi za kizuizini. Vijijini, zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na waya. Baba alikuwa kizuizini au msituni, mama alikuwa akichimba mahandaki kwa amri ya askari wa homugadi, na watoto walibaki na yeyote aliyekuwapo, au bila mtu. Serikali iliyowafanya watoto hao kuwa hivyo ndiyo iliyolazimika kuwashughulikia. Chama cha Ustawi wa Watoto cha Kenya kiliundwa 1955. Wavulana waliokamatwa kama wafuasi wa Mau Mau walikusanywa Wamumu, katika eneo la Embu, chini ya afisa kijana aitwaye Geoffrey Griffin, ambaye alichukua kambi ya wafungwa na kuigeuza kitu kama shule.

Griffin huyo huyo, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alifungua Kituo cha Wavulana cha Starehe Novemba 1959, kikiwa na vibanda viwili vya mabati. Kisa cha Starehe kinajulikana: kituo cha watoto wa mitaani kilichokuwa mojawapo ya shule bora za nchi, na mkurugenzi aliyeishi humo hadi kifo chake mwaka 2005. Hakuna sababu ya kukipunguzia sifa. Ila ni vizuri kukumbuka kwamba ufanisi wake ulikuwa na madhara ambayo hayakukusudiwa na waasisi. Uliwafanya wengi waamini kwamba mtoto maskini akiokolewa vizuri huokolewa kwa kutolewa, na kwamba kazi iliyobaki ni kupata Starehe nyingine. Hakujatokea Starehe za kutosha, na hazingeweza kutokea.

Uhuru ulipokuja, sheria mpya ya 1963 ya watoto na vijana iliyachukua karibu yote yaliyokuwapo. Iliwaweka katika kapu moja watoto wanaohitaji ulinzi na wale wanaohitaji nidhamu. Mtoto aliyeunguzwa na mama wa kambo na mtoto aliyeiba maandazi wangeweza kufikishwa mbele ya hakimu mmoja, wakalala mahabusu moja ya watoto, na hatimaye wakapelekwa shule moja ya kurekebisha tabia. Anayeombaomba barabarani alihesabika humo humo.

Mwaka 1969 lilifanyika jambo ambalo halisimuliwi vya kutosha. Sheria ya 1959 ilikuwa imempa mwanamke aliyezaa nje ya ndoa haki ya kwenda mahakamani kumdai baba wa mtoto fedha za matunzo. Haikuwa sheria kamilifu, lakini wanawake waliitumia, na hilo ndilo lililowaudhi wanaume. Bunge, ambalo wakati huo halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa, liliifuta. Hoja zilizotolewa zilikuwa zile zinazosikika mpaka leo kwenye vijiwe vya kahawa: kwamba wasichana wanazaa kwa makusudi ili walipwe, kwamba sheria hiyo ni ya kizungu, kwamba mila itashughulikia. Mila ilikuwa imeshavunjwa na kodi, vita na miji. Mtoto wa nje ya ndoa akawa wa mama peke yake.

Matokeo yake yalionekana Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kabla muongo haujaisha. Mama aliyekuwa peke yake na watoto wanne, bila shamba na bila cheti, alipika busaa au chang'aa, kwa sababu ndiyo biashara iliyohitaji mtaji mdogo na isiyomlazimu kuwaacha watoto. Polisi walipovamia, alilala korokoroni na watoto wakalala peke yao. Wavulana wakubwa waliteremka mjini, wakawa wanawaelekeza wenye magari mahali pa kuegesha na kuyalinda kwa senti chache. Magazeti ya miaka ya 1970 yaliwajua kwa kazi hiyo ya kwenye maegesho. Baadaye mji ukawaita chokoraa. Serikali ilikuwa na Sheria ya Uzururaji ya 1968, iliyodumu hadi 1997, na malori yale yale.

Padri mmoja wa Kiholanzi, Arnold Grol, alianza kukaa na wavulana hao na mwaka 1973 akaanzisha Undugu Society. Mwanzoni Undugu ilifanya kile ambacho kila mtu alikuwa akifanya: kuwatoa mitaani, kuwatafutia pa kulala, kuwapeleka shule. Lakini kila waliyemtoa alipishana na mwingine aliyekuwa akiingia. Hatua kwa hatua shirika likapanda hadi Mathare, Pumwani na Kibera, likaanza kuongea na mama zao, likafungua madarasa yasiyo rasmi mtaani kwa watoto walioshindwa na karo na sare, likasaidia vikundi vya akina mama kupata kipato kingine. Huu ndio mgeuko wa kwanza wa kweli katika historia hii, na haukutoka wizarani. Ulitoka kwa watu waliochoka kuokoa wavulana mmoja mmoja huku mlango wa nyuma ukiwa wazi.

Lugha ya dunia nayo ilikuwa inabadilika. Mwaka 1986, katika mkutano uliofanyika Enugu, Nigeria, wataalamu wa Kiafrika waliunda mtandao wa kuzuia unyanyasaji na utelekezaji wa watoto, ANPPCAN, na makao yake makuu yakawekwa Nairobi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa Novemba 1989 na Kenya ikauridhia Julai 1990. Kisha, usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wavulana wa shule ya bweni ya St Kizito huko Meru waliwavamia wasichana bwenini mwao. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Nchi ilishtuka, shule ikafungwa na baadaye kubadilishwa jina. Kilichowatia wengi uchungu zaidi ni jinsi baadhi ya wakubwa walivyozungumzia ubakaji shuleni kama jambo lililozoeleka.

Ilichukua miaka kumi zaidi kupata sheria. Viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001, na Sheria ya Watoto ikapitishwa mwaka huo huo na kuanza kutumika Machi 2002. Ilikuwa na mambo mengi mazuri: haki ya elimu, marufuku ya ukeketaji na ndoa za utotoni, mahakama za watoto zenye utaratibu wao. Iliacha pia nyufa mbili. Ilimruhusu mzazi kutoa adhabu ya kadiri, na kadiri hiyo ikaachwa kila mmoja aipime kwa mkono wake. Na kwa baba asiyeoa, wajibu wa matunzo ulisubiri yeye mwenyewe amkubali mtoto. Ufa huu wa pili uliziba tu pale Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, iliposema kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Tangu lile Bunge la wanaume lilipofuta sheria ya matunzo ilikuwa imepita miaka 41.

Mwaka 2006 Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa, alipeleka mswada wa makosa ya kingono. Wenzake wa kiume walifanyia mzaha sehemu za mjadala huo, lakini sheria ilipita, na anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini akawekewa kifungo cha maisha. Mwaka huo huo simu ya bure ya 116 ilianza kupokea taarifa za watoto walio hatarini.

Lakini wakati sheria zikiandikwa, ukimwi ulikuwa umeshafanya kazi yake. Rais Moi aliutangaza kuwa janga la taifa Novemba 1999. Kote Nyanza, na katika miji yote mikubwa, kulikuwa na maboma ambamo kizazi cha katikati kilikuwa kimetoweka: nyanya wa miaka 70 upande mmoja, wajukuu watano upande mwingine. Nyanya hakuwa na kipato. Mjukuu wa kike wa miaka 14 ndiye aliyekuwa na kitu ambacho mwenye duka, mvuvi au mwalimu angeweza kukinunua. Mkono mtupu haulambwi, na wanaume walijua ni mikono ipi iliyo mitupu.

Fedha za ugenini ziliingia kwa wingi, na sehemu kubwa iliingia katika matofali. Makao ya mayatima yalichipuka Kisumu, Nairobi, Nakuru na kando ya fukwe za pwani, ambako watalii walipelekwa kupiga picha na watoto kabla ya chakula cha mchana. Vituo vya aina hiyo vilipita 800, vikiwa na zaidi ya watoto 40,000. Wengi wa watoto hao walikuwa na mzazi hai au jamaa anayejulikana. Waliingia humo kwa sababu kule kulikuwa na chakula na karo, na nyumbani hakukuwa. Msomaji anayeikumbuka rehani ya miaka ya 1880 ataona jinsi mambo yalivyofanana, ijapokuwa safari hii mwenye ghala alikuwa na ubao wa shirika la hisani na picha za watoto wanaotabasamu.

Desemba 2004, serikali ya Kenya kwa msaada wa UNICEF ilianza jaribio dogo mno hata halikutiliwa maanani. Ilichagua kaya 500 katika Kwale, Garissa na Nairobi, kaya maskini zenye yatima au watoto walio katika hali ngumu, ikawapa walezi wao shilingi 500 kwa mwezi. Hakukuwa na bweni wala lango. Fedha zilipewa mtu aliyekuwa tayari anamlea mtoto, mara nyingi nyanya, shangazi au mama mjane, na kamati za wenyeji zilisaidia kumtambua nani anastahili. Maofisa wengi serikalini walikuwa na wasiwasi. Walisema fedha zitaishia kwenye pombe, na kwamba maskini hawezi kupewa hela mkononi.

Zilinunua unga, sare na madaftari. Mpango ulipopanuliwa, wilaya za Kisumu, Homa Bay, Migori na Suba ziliingizwa pia, na mwaka 2007 ulianza uchunguzi wa kulinganisha kaya zilizopokea na zile ambazo hazijafikiwa. Baada ya miaka minne watafiti walipata jambo ambalo hakuna semina ya maadili iliyowahi kulipata: vijana wa kaya zilizopokea fedha walikuwa na uwezekano mdogo, kwa takriban theluthi moja, wa kuwa wameanza ngono. Mimba za mapema nazo zilipungua, na waliojiunga na sekondari waliongezeka. Hakuna aliyewahubiria wasichana hao. Mwenye duka alipoteza tu bei yake.

Uchunguzi mwingine ulikuwa umeanza kuwapa Wakenya picha kamili ya tatizo. Tanzania ilikuwa imetangulia mwaka 2009 kwa utafiti wa taifa zima kuhusu ukatili dhidi ya watoto, wavulana na wasichana, na Kenya ikafuata 2010. Vijana wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kufikisha 18. Asilimia 32 ya wanawake na 18 ya wanaume walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Ukatili wa kimwili ulitajwa na asilimia 66 ya wanawake na 73 ya wanaume, na mara nyingi aliyepiga alikuwa mzazi au mwalimu. Mtu wa kutisha anayejificha kichakani, ambaye wazazi huwaonya watoto juu yake, alikuwa na nafasi ndogo katika majibu yale.

Na waliothubutu kwenda polisi? Hapo Meru ndipo jibu lilipotolewa. Wasichana 11, wakiungwa mkono na kituo kilichokuwa kikiwahifadhi, waliishtaki polisi katika Mahakama Kuu kwa niaba yao na wenzao. Kesi hiyo ikajulikana duniani kama ya wasichana 160. Malalamiko yalikuwa ya aina ambayo kila mzazi aliyewahi kusimama kwenye kaunta ya kituo cha polisi anaifahamu: taarifa haikuandikwa katika kitabu cha matukio, au mtoto aliambiwa alete mashahidi, au aliyetajwa alibaki akitembea kijijini. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau aliamua kwamba uzembe huo wa polisi ulivunja haki za watoto hao, akaamuru uchunguzi wa kweli ufanyike. Kabla ya hapo mlalamikiwa alikuwa daima ni mbakaji peke yake. Sasa serikali nayo ilikuwa imepatikana na kosa la kukaa kimya.

Utafiti uliporudiwa 2019, takwimu zilikuwa zimeshuka sana. Ukatili wa kingono utotoni ulitajwa na karibu asilimia 16 ya wanawake na 6 ya wanaume. Wa kimwili na asilimia 39 na 52. Bado ni wengi mno, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni kitu gani hasa kilichozishusha. Elimu ya msingi ya bure iliyoanza 2003 ina sehemu yake, marufuku ya viboko pia, hofu ya kifungo pia. Malipo kwa kaya yana sehemu yake. Kinachoweza kusemwa bila woga ni kwamba upungufu huo ulitokea katika miaka ambayo watoto wengi zaidi walikuwa darasani na fedha zilikuwa zinafika nyumbani.

Serikali yenyewe imekubali kwa maandishi kwamba pa mtoto ni nyumbani. Mwaka 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Mwaka 2022 ilitoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia, na Sheria mpya ya Watoto ikaanza kutumika Julai mwaka huo. Sheria hii inatambua malezi ya ndugu, malezi ya kambo na kafala ya Kiislamu, jambo ambalo Waislamu wa pwani walikuwa wakilifanya kwa karne nyingi bila kusubiri gazeti la serikali. Umri wa mtoto kuwajibika kwa jinai umepandishwa kutoka miaka 8 hadi 12. Wenye makao wamelalamika, wengine kwa sababu nzuri. Kumrudisha mtoto kwenye nyumba ambayo haijasaidiwa ni kumrudisha kwenye kilichomfukuza, kama yale malori ya zamani.

Ukaribu wa jamaa nao hautoshi peke yake. Mwezi Aprili 2023 makaburi ya wafuasi wa kundi moja la kidini yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miili iliyotolewa ilizidi 400. Februari 2024 mhubiri wa kundi hilo na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, mashtaka ambayo waliyakana. Watoto wengi walikuwa humo pamoja na wazazi wao. Mhubiri huyo alikuwa ameshakamatwa mwaka 2017, miaka sita kabla, kwa suala la watoto kutopelekwa shule. Machifu walikuwapo, maafisa wa watoto walikuwapo, sheria ilikuwapo. Afisa wa watoto katika eneo kama hilo ana kaunti ndogo nzima ya kuzunguka, na mara nyingi hana gari. Ulinzi wa familia unahitaji mtu anayelipwa kwenda kubisha hodi, na bajeti zimekuwa bahili kwa mtu huyo kuliko kwa jengo lolote.

Kwale, moja ya sehemu tatu za jaribio la 2004, ni nchi ya Wadigo, ambao nao waliwaweka watoto wao rehani katika njaa za karne ya 19. Mlezi aliyeko huko leo katika mpango wa Inua Jamii, uliolichukua jaribio lile, hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi, awe na yatima mmoja au sita, na malipo yakichelewa, kama yanavyochelewa mara kwa mara, hukopa dukani. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka wa fedha wa 2011/12. Mwaka 2022, pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilipovuka shilingi 200, kiwango kilikuwa bado ni 2,000.